Wino Mwekundu Juu ya Pikipiki ya Gicheru

Majengo,
Nyeri.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa Dada Sumeya,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikufikie ukiwa mzima wa mwili, na joto la huko Maskati lisiwe limekumaliza. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulilalamika unalazwa chini ya ile mashine ya baridi mpaka unaamka shingo haigeuki. Je, mama mwenye nyumba bado anakuachia simu Ijumaa tu? Na chakula, unakula, ama ni yale mabaki ya watoto wake?

Sisi huku tuko, ndiyo neno tu ninaloweza kusema. Baridi ya Juni imeshuka, asubuhi ukungu unafunika mpaka huoni paa la msikiti, na watoto wanakuja shule na sweta mbili mbili, kamasi hadi kidevuni. Mimi ni mzima isipokuwa kifua kidogo. Jannat ni mzima wa mwili pia. Analala kwangu tangu matanga, kitanda kimoja na mimi, upande wa ukutani.

Utashangaa kwa nini nimeshika karatasi siku hizi za simu. Abdihakim wa Nanyuki, yule wa kuuza mbuzi, anasafiri kuja huko wiki hii na mifugo, na amekubali kukuletea bahasha mkononi mwako. Kuna kitu ndani ambacho simu haiwezi kubeba. Na pia, Dada, nikisema ukweli, mdomo wangu ambao unaujua, ule wa kujibu kabla ya kuulizwa, safari hii umekataa. Nimejaribu kurekodi sauti mara nne, nikafuta mara nne.

Nakuomba usome ukiwa peke yako. Na ufike mwisho hata ukinikasirikia katikati, maana utanikasirikia.

Siku tulipomzika mama yako, Mama Mkubwa wangu, Mjomba Shariff alikupigia akakwambia kwamba alianguka jikoni, na kwamba Jannat alimwacha pale akatoka kwenda kucheza, akapatikana saa sita kasoro akizurura. Hayo ndiyo unayoyajua. Dada, si kweli. Mtoto wako hakucheza hata dakika moja siku ile. Alikwenda kutafuta msaada, na alikokwenda ni mimi niliyemtuma, miezi miwili kabla, mbele ya darasa zima.

Nitakueleza yote, usinikatize.

Muhula wa kwanza tulifundisha somo la watu wanaotusaidia katika jamii. Unajua vile ninavyopenda kazi yangu, ninajigamba nayo hata mahali hapahitaji. Nilinunua chati dukani mjini, ile ya picha sita: daktari, nesi, polisi, wa zimamoto, mwalimu, na mtu wa posta na mkoba wake. Kuna kijana mmoja aliuliza yule wa mkoba ni nani, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuona mtu akileta barua Majengo. Nikamwambia ni wa posta na asinipotezee wakati. Chati imesema, basi imesema.

Nikamwalika Sista Wangui, nesi wa dispensari ile ya mtaani, aje darasani. Alikuja na nguo nyeupe iliyopigwa pasi, na kipima joto, akawapima mmoja mmoja kwapani mpaka wakacheka kama wamechekeshwa na shetani. Aliwaambia dispensari hufunguliwa saa mbili asubuhi, na mtu akiugua aletwe kwake. Ni mama mzuri, sina neno baya juu yake. Jannat alimpenda sana, wiki nzima alikuwa akimpima joto kila mtu nyumbani na kalamu, na Mama Mkubwa ndiye mgonjwa wake mkuu. Walikuwa wakicheka hao wawili, ungewaona.

Kisha nikatoa zoezi. Chora mtu anayesaidia mgonjwa. Watoto wote walichora nesi, wengine wakamchora na mikono mitatu, si kitu. Jannat alichora pikipiki. Juu yake aliweka watu watatu: Gicheru mbele na ile jaketi yake ya kung'aa, Mama Mkubwa katikati na buibui, na yeye mwenyewe nyuma ameshika nyanya yake kiunoni. Unamkumbuka Gicheru, yule wa bodaboda wa steji ya pale kwenye kona, mtoto wa jirani zetu wa zamani. Januari, presha ya mama yako ilipopanda na mvua ikinyesha, ni yeye aliyewapeleka hospitali na akakaa nao hadi jioni. Kwa hiyo mtoto alichora alichokiona na macho yake.

Nami nikachukua kalamu nyekundu nikapiga eksi, kutoka kona moja ya karatasi hadi nyingine.

Usiniulize kwa nini, najiuliza mimi mwenyewe kila siku. Wiki ile mkaguzi alikuwa anakuja kuangalia mafaili ya watoto, na nilitaka kila faili liwe na jibu sahihi. Pia tulikuwa tumeambiwa kwenye mkutano tuwaonye watoto wasizoeane na watu wa pikipiki. Ati usalama. Basi nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikasema bodaboda ni biashara, si msaidizi, hayuko kwenye chati. Nikasema, na haya ni maneno yangu neno kwa neno, kwamba mtu akiugua usisimame na watu wa njiani kuwaeleza mambo ya nyumbani, nenda moja kwa moja kwa Sista. Nikawafanya warudie mara tatu. Jannat alirudia kwa sauti kubwa kuliko wote, anavyopenda kunifurahisha.

Nikampa karatasi nyingine akachora nesi. Nikamwekea tiki na nyota ya kubandika. Nyota ile aliibandua akaenda kuibandika kwenye kabati la vyombo la mama yako. Bado iko pale, kama hawajapangusa.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei, mimi nilikuwa Giakanja kwenye semina ya walimu. Mjomba Shariff alikuwa ameenda Kagio kununua nyanya na vitunguu vya duka tangu alfajiri. Mama yako alianguka akiinjika chai, kama saa mbili hivi. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono mmoja haufanyi kazi, lakini alikuwa anaona na anasikia. Jannat alizima jiko. Nani alimfundisha hilo sijui, labda ni yeye mama yako. Akamfunika nyanya yake na leso, akamwambia anaenda kumwita Sista, akavaa viatu vya shule ili aonekane nadhifu, akatoka.

Alipita mbele ya Wakiuru wa mboga. Wakiuru alimuuliza anaenda wapi asubuhi yote hii, akajibu anaenda kwa Sista, na Wakiuru akadhani ametumwa dawa za presha kama kawaida. Alipita kwa fundi wa viatu. Alipita steji, na Gicheru alikuwa amekaa juu ya pikipiki, akamsalimia, na mtoto akaitikia vizuri kwa adabu na akaendelea na safari. Watu wasiopungua kumi, Dada, na kila mmoja wao angeacha anachofanya akakimbia. Hakusimama kwa hata mmoja. Si nilikuwa nimemfundisha asisimame?

Dispensari ilikuwa imefungwa. Wauguzi walikuwa kwenye mgomo, wiki ya tatu hiyo, na siwalaumu, wana yao. Sisi wakubwa wote tulijua. Ninyi mlio mbali mlijua pia, ilikuwa kwenye redio kila siku. Hakuna aliyefikiria kumwambia mtoto wa miaka sita. Mimi niliyemfundisha saa ya kufungua mlango sikumfundisha kwamba mlango unaweza kukaa wiki tatu na kufuli.

Kwa hiyo alikaa kwenye ngazi akangoja. Alikaa tangu saa mbili na nusu hadi saa sita kasoro, na baridi ile, bila sweta. Gicheru ndiye aliyemwona, alipokuwa akipita na abiria. Alisimama kumuuliza kwa nini amekaa hapo, na kwa kuwa sasa aliulizwa, alijibu. Gicheru alimshusha abiria wake papo hapo barabarani, akampakia mtoto, wakaruka nyumbani. Mama yako alikuwa bado anapumua. Gicheru alimfikisha hospitali kuu mwenyewe, na Wakiuru ameshika nyuma.

Alifariki Jumapili kabla ya adhuhuri. Daktari alituambia, mimi na Mjomba tukiwa tumesimama pale kwenye korido, kwamba kiharusi cha namna ile mgonjwa akiletwa saa mbili za kwanza kuna mambo yanaweza kufanyika. Alisema kwa upole, akaenda zake. Mimi nilihesabu pale pale kwa vidole. Kutoka nyumbani hadi hospitali na pikipiki ni dakika tisa.

Siku ile bado sikuwa najua kosa langu. Nilijua tu kama wengine wote kwamba mtoto alipatikana nje. Mjomba alisema alienda kucheza, na watu wakaona ndivyo, maana watoto ndivyo walivyo. Jannat alikuwa amekaa mle mle ndani anasikia.

Jumanne nilikuwa namfulia, akaja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza, nakiri kwa ukali kidogo, kama alipita steji kwa nini hakumwambia Gicheru. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa swali la mtego.

"Gicheru si ulimwekea eksi," akasema.

Dada, nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Sikulia. Ningelia ingekuwa afadhali.

Ningepaswa kukupigia siku hiyo hiyo. Badala yake nilikwenda kwa Mjomba nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia ninyamaze. Marehemu ameshazikwa, alisema, na wewe huko mbali ukiambiwa hivi utachanganyikiwa, na mimi nitapoteza kazi, na mtoto atasahau kabla ya Krismasi ya wenzetu. Alimaanisha mema, unamjua. Na mimi nikashika neno lake kwa mikono miwili kwa sababu lilinifaa. Wiki tano sasa nimebeba jambo hili, na kila siku mtoto ndiye anayelibeba kwa niaba yangu.

Ile sauti yako uliyotuma, ukisema hutaki kuongea na Jannat, hata jina lake usitajiwe kwa sasa, sikulaumu kwa hiyo. Uliambiwa mama yako alikufa kwa sababu ya mchezo wa mtoto, ungesema nini? Lakini nakueleza ujue: Mjomba aliiweka kwa spika, na Jannat alikuwa mlangoni akichambua mchele. Aliendelea kuchambua. Tangu siku hiyo kila Ijumaa akitoka shule anakuja kukaa karibu na simu yangu. Haulizi. Anaangalia kama ina chaji, anakaa. Ikifika wakati wa kulala anavua viatu anapanda kitandani. Zimepita Ijumaa nne.

Zamani nyumbani alikuwa akiniita Anti. Siku hizi ananiita Mwalimu hata tukiwa jikoni.

Wiki mbili zilizopita aliungua na uji shuleni, kikombe kilimmwagikia mkononi. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Hakulia wala hakuinua mkono. Niliona lengelenge jioni nikimwogesha, nikamuuliza kwa nini hakuniambia, akasema Sista hayuko. Nikamwambia mimi niko. Alikubali kwa kichwa, lakini kukubali kwa kumridhisha mtu nakujua, ninaona watoto wakifanya hivyo kila siku.

Gicheru naye ana lake. Hapandishi wateja asubuhi kama zamani, anakaa tu. Juzi alinisimamisha.

"Mwalimu," akaniambia, "huyo mtoto alipita hapa nikimwona. Pikipiki ilikuwa na mafuta mpaka juu. Kwani mimi niko na makosa gani?"

Nilimwambia hana kosa, watoto ni watoto. Nikaondoka haraka ati nimechelewa. Hiyo nayo iandike kwenye orodha yangu.

Nilijaribu kutengeneza, Dada, usifikiri nimekaa tu. Nilitoa chati ukutani. Jumatano iliyopita nikamwomba Gicheru aje darasani na helmeti yake, nikawaambia watoto huyu ni msaidizi, na Wakiuru ni msaidizi, na fundi wa viatu, na jirani yeyote mwenye miguu, na kwamba mwalimu alikosea. Nilisema hivyo mbele yao wote, mwalimu alikosea. Watoto walifurahi, walivaa helmeti kwa zamu, wakapiga kelele za injini. Jannat alikaa kwenye dawati lake. Ilipofika zamu yake Gicheru alimpelekea helmeti mwenyewe, akachuchumaa. Hakuishika. Alinigeukia akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa:

"Kwa hivyo sasa ni tiki?"

Gicheru alituangalia, mimi na mtoto, na nafikiri ndipo alipoelewa. Aliweka helmeti juu ya dawati akatoka nje, na hakuja kuichukua mpaka kesho yake.

Sina la kukutuliza nalo. Nimeandika barua hii siku tatu nikitafuta mahali pa kuweka neno la matumaini, na sipaoni. Mama yako harudi. Mkutano wa shule utanifanya utakavyonifanya, nimeshamwambia mwalimu mkuu mwenyewe, na hilo halinisumbui tena. Kuhusu mtoto, sijui kama kitu nilichokivunja kinarudishwa. Nilimfundisha asiombe watu msaada, na amejifunza vizuri kuliko chochote nilichowahi kumfundisha. Nikiwa darasani sasa ninaogopa kufungua mdomo, kwa sababu wananiamini.

Ndani ya bahasha utakuta ile karatasi ya pikipiki. Niliitoa kwenye faili lake. Mkaguzi aliipita tu, hata hakuifungua. Nilifikiria kwanza kufuta ile eksi, kisha nikaona niiache ilivyo uione, ujue mkono ni wa nani. Angalia yule wa nyuma jinsi alivyomshika yule wa katikati. Huyo ndiye mtoto wako. Alikuwa anajua.

Kwangu fanya utakavyo. Usinipokelee simu, usinisamehe, sitakuuliza. Lakini nakuomba kwa ajili ya mama yetu, mpigie Jannat. Usimuulize maswali. Mwambie tu kwamba alifanya alivyofundishwa. Mimi nimemwambia mara nyingi, lakini kutoka kwangu ni maneno ya mwalimu, na hayo ameshayachoka. Ijumaa simu itakuwa na chaji.

Arobaini ya mama ni Alhamisi hii. Tutasoma hitima nyumbani kwa Mjomba, na nikimaliza kugawa chai nitasimama niwaambie watu wote niliyokuandikia hapa, Mjomba apende asipende. Gicheru nimemwalika. Sijui kama atakuja.

Mjomba Shariff anakusalimu sana. Wakiuru anakupa pole na anasema bado anaweka fungu la mboga za sukuma la mama yako kando kila jioni kwa mazoea, kisha anakumbuka. Mama yangu anakusalimu kutoka Gakindu, miguu imemvimba lakini anaswali amekaa. Jannat nilimwambia naandika kwa mama yake, nikamuuliza ana salamu gani. Alichezea kifuniko cha kalamu. Akasema, "Mwambie nilisubiri."

Mungu akulinde kwenye nyumba ya watu, akupe nguvu ya kusoma haya, na amlaze mama yetu pema.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea,

Waridi